Boila la Bwana Duerden

Janice Whittam hakuwahi kujiita mwenye nyumba. Neno hilo lilimletea picha ya watu wenye magari makubwa na mafungu ya funguo kiunoni, na yeye alikuwa mpishi wa shule ya msingi pale Colne, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, mwanamke wa miaka hamsini na minane ambaye magoti yake yalilalamika kila alipopanda ngazi. Nyumba aliyopangisha ilikuwa moja tu, ile ya marehemu mama yake: nyumba ya mawe iliyobanwa na wenzake katika safu inayopanda kilima, vyumba viwili juu, viwili chini, na kiua nyuma cha kuanikia nguo siku ambazo mvua imesahau kunyesha. Mama alipofariki, Janice alishindwa kuiuza. Mara mbili alimwita dalali aje kuitazama, na mara mbili akampigia simu asubuhi yake kumwambia asije.

Ndipo Bwana Wilfred Duerden akaja kuiomba. Mji mzima ulimjua. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa gesi, na hapakuwa na mtaa ambao hakuwahi kupiga magoti mbele ya jiko la mtu. Mkewe Edna alipopotewa na akili hadi akawa anamwita mumewe "yule bwana wa mita", ilibidi apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na nyumba yao wenyewe ikauzwa kulipia matunzo hayo. Edna hakumaliza miaka miwili. Bwana Duerden akabaki na sanduku la vifaa, kiti kimoja cha kuegemea na binti yake Beverley aliyekuwa akiishi mbali kidogo, Morecambe.

"Nyumba ya mama yako naijua mpaka chini ya mbao za sakafu," alimwambia Janice siku ile. "Boila la jikoni nililifunga mimi mwenyewe. Mama yako alinipa keki ya tangawizi, sikuweza kuitafuna, lakini sikumwambia."

Janice alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akampa funguo.

Miaka sita ikapita hivyo. Kila mwaka fundi mwenye kibali alikuja kukagua, kama sheria inavyomtaka mwenye nyumba, na kila mwaka boila, ile mashine ya gesi iliyopasha moto maji na vyumba vyote, lilipita, ingawa lilikuwa na umri wa mtu mzima mwenye watoto. Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya Desemba, saa nne asubuhi, Janice akiwa ameinama juu ya sufuria la viazi vya watoto mia mbili, simu yake ilipolia.

"Janice, mwanangu, boila limenuna," alisema Bwana Duerden. "Linawaka, linakohoa mara mbili, linazima. Usihangaike. Ni kitu kidogo. Nalifungua sasa hivi."

"Usilifungue, Bwana Duerden. Nakuomba. Namwita fundi."

"Fundi? Kwani sasa hivi unaongea na nani, muuza samaki?"

"Mzee wangu, wewe huna kibali tena."

Mzee akaguna. "Mwite basi," akasema. "Mikono haihitaji kibali, lakini mwite."

Fundi aliitwa Nadeem, mtu wa Nelson, mji wa jirani, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na tabia ya kuongea na mashine kwa sauti ya chini. Alifika saa saba, Janice naye akiwa ametoka kazini kuja kumpokea. Bwana Duerden alikuwa amevaa shati la kola kumpokea, amesimama mlangoni mwa jikoni mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Nadeem alifungua kifuniko, akamulika kwa tochi, akaingiza kijipimo chake kwenye bomba la moshi, akaangalia namba. Akaangalia tena.

"Mzee, kichwa hakikuumi siku hizi?"

"Kichwa changu kina miaka themanini na moja. Kinauma tangu zamani."

"Na king'ora cha moshi wa sumu? Kile kinachobandikwa juu ya mlango?"

Wote watatu wakatazama juu ya mlango. Kile kidude cheupe kilikuwepo, lakini kilining'inia mdomo wazi, hakina betri.

"Kilikuwa kinapiga kelele bila sababu," alisema Bwana Duerden. Kisha Janice akamwona anaanza kuelewa. Ilianzia machoni, ikashuka mpaka mabegani. Alivuta kiti akakaa.

"Sababu ilikuwepo, mzee," Nadeem alisema kwa upole. "Chumba cha moto ndani ya boila kimepata ufa. Ule moshi usio na harufu ulikuwa unaingia humu ndani."

"Naujua moshi huo tangu kabla hujazaliwa."

"Najua unaujua."

Nadeem akafunga gesi, akaziba bomba, akabandika kibandiko chekundu cha kukataza lisiwashwe kifuani pa boila. Kipuri hakikuwepo tena duniani. Kiwanda kilishaacha kukitengeneza miaka kumi na miwili iliyopita. Lilihitajika boila jipya, tena upesi, kwa sababu nje maji ya ndoo yalikuwa yameanza kuganda tangu juzi. Lakini kabla ya kuondoka, fundi alipitisha kidole kwenye mabomba ya shaba yaliyoshuka ukutani kutoka kwenye boila, manne, yakipinda pamoja kwenye kona kama yamemwagwa kwenye kalibu moja.

"Nani aliyapinda haya?"

"Mimi," alisema Bwana Duerden, macho yakiwa sakafuni.

"Kwa mkono?"

"Kwa springi ya kupindia na goti."

"Sijawahi kuona kazi safi namna hii," alisema Nadeem, na ilionekana wazi kwamba hakuwa anambembeleza mzee. Janice alisimama katikati yao na kitabu cha hundi, akijiona kama mtu aliyeingia msiba usiomhusu.

Jumatatu Nadeem alirudi kulibandua boila la zamani. Janice aliomba ruhusa shuleni akaja kusimamia, ingawa hakujua anasimamia nini. Skrubu ya tatu ilipotoka, Nadeem aliacha kufungua. Nyuma ya boila palikuwa na ubao wa kijivu, umefifia, kona moja imemong'onyoka.

"Asbesto hii," alisema.

"Ndivyo tulivyofundishwa wakati ule," alisema Bwana Duerden. "Ubao huo ulizuia moto usile ukuta. Tulikuwa tunaukata kwa msumeno, vumbi linajaa puani, tunaenda kula."

"Simlaumu mtu, mzee. Ila vumbi lake linaua mapafu, nami siruhusiwi kuugusa. Wakiniona, wananinyang'anya kibali. Waje watu wa asbesto kwanza, wavae ovaroli zao nyeupe, wautoe. Baada ya hapo, nipigie simu wakati wowote, nitakuja siku hiyohiyo."

Janice alipiga simu kwenye kampuni moja ya Preston akiwa bado jikoni. Msichana wa upande wa pili alikuwa na sauti nzuri sana. Nafasi ya karibu kabisa, alisema, ni tarehe saba Januari.

"Nina mzee wa miaka themanini na moja hapa, hana joto."

"Pole sana, mama. Kama mnasikia harufu ya gesi, piga namba ya dharura."

"Hatusikii harufu ya gesi. Gesi imefungwa. Hilo ndilo tatizo."

"Pole sana, mama."

Alipigia kampuni nyingine nne. Mbili zilikuwa zimeacha kupokea kazi mpya mpaka Krismasi ipite, moja haikupokea, ya mwisho ilitaja tarehe kumi na nne. Akarudi kwa yule msichana mwenye sauti nzuri, akaikubali tarehe saba kwa haraka kabla haijachukuliwa na mwingine, akashukuru. Alishangaa mwenyewe kwa nini anashukuru.

"Njoo ukae kwangu," alimwambia Bwana Duerden. "Chumba cha juu kipo. Mwezi mmoja tu."

"Hapana."

"Nitakupikia."

"Unapikia watoto mia mbili, bado hujachoka?" Alijaribu kutabasamu. "Nimeshahamishwa mara moja, Janice. Nilitoka nyumbani kwangu nikiwa na sanduku mkononi na watu wananiambia ni kwa muda. Sitoki tena."

Akampelekea hita za umeme, tatu. Nyaya za nyumba zilikuwa za zamani vilevile. Hita mbili zikiwaka pamoja na birika la umeme la chai, umeme wote ulikatika, na swichi kuu ilikuwa kwenye kabati chini ya ngazi, mahali pa kuinama. Kwa hiyo mzee ilibidi achague: ama mguu upate joto, ama apate chai. Janice alileta chupa za maji moto, mablanketi ya sufu, soksi, kofia. Kila siku baada ya kazi alipanda kilima kile kwa gari lake dogo, na kila siku alikuta pumzi ya mzee inaonekana sebuleni kama mvuke wa ng'ombe. Aliuliza ofisi za halmashauri. Walimwuliza kama yeye ndiye mwenye nyumba. Aliposema ndiyo, wakamsomea wajibu wake, mmoja baada ya mwingine, na yeye akaitikia kila mmoja kwa sababu wote ulikuwa wa kweli.

Jumatano ya wiki ya pili alifika mapema kuliko kawaida, garini ana pai ya nyama na viazi bado ya moto. Aligonga, hakujibiwa, akaingia kwa ufunguo wake. Bwana Duerden alikuwa amepiga magoti mbele ya boila. Kibandiko chekundu kilikuwa mezani, kimekunjwa vizuri. Skrubu zilipangwa kwa mstari juu ya gazeti, kwa ukubwa, na sanduku la vifaa lilikuwa wazi pembeni yake.

"Nimeuona ufa wenyewe," alisema bila kugeuka. "Mdogo tu. Naujaza saruji ya kustahimili moto, nafungua gesi kule kwenye mita, tunasukuma mpaka Januari. Nimeshafanya hivyo mara ishirini kwa watu maskini, hakuna aliyekufa."

"Bwana Duerden."

"Nipe dakika kumi."

Mzee alijaribu kuelekeza bisibisi kwenye skrubu ikateleza, akajaribu ikateleza, na ncha yake ikachora mstari mpya kwenye rangi ya zamani ambako tayari palikuwa na mistari mingi. Janice akajua kwamba amekuwa hapo tangu asubuhi.

"Nakuomba uache."

"Nani anaongea? Mwanangu au mwenye nyumba?"

Janice aliinama, magoti yakamkemea, akakusanya spana na koleo, akatoa bisibisi kwenye vidole vya mzee. Vidole havikukataa. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi, jinsi vilivyoiachia kirahisi.

"Unaninyang'anya vifaa vyangu?"

"Ndiyo."

"Nilikubeba mabegani siku ya maandamano ya bendi, una miaka minne. Ulinikojolea shingoni."

"Najua. Mama alikuwa akinisimulia."

"Haya. Chukua."

Alibeba sanduku hadi kwenye gari. Lilikuwa zito mno, alilipumzisha mara mbili barabarani huku jirani mmoja akimwangalia kupitia pazia. Alipofika nyumbani ndipo alipogundua pai bado iko kwenye kiti cha abiria. Alikaa ndani ya gari akalia, si sana, kisha akaingia ndani.

Asubuhi yake alilirudisha sanduku. Gesi alishamwita Nadeem aizibe kule barabarani ambako mtu wa ndani hafiki, kwa hiyo sanduku halikuwa na madhara tena. Bwana Duerden alifungua mlango akiwa amevaa koti na kofia. "Liweke hapo," alisema, akaonyesha chini ya ngazi. Hakumkaribisha chai. Ingempasa kuzima hita.

Tarehe kumi na tisa, siku shule ilipofunga, Janice alimkuta kwenye kile kiti chake. Macho yalikuwa wazi lakini maneno yalitoka yameshikana, na shavu lake lilikuwa baridi kama ukuta. Hita ilikuwa imezima, umeme umekatika, na birika lenye maji nusu liko mezani. Alipiga simu ya dharura, akamfunika kwa mablanketi yote, akamkumbatia hapo alipo mpaka gari la wagonjwa likafika. Ilikuwa saa nane mchana, jua dogo limepiga dirishani. Mara moja tu mzee alisema neno lililoeleweka. Alimwita Janice kwa jina la Edna.

Hospitali ya Burnley walisema ni nimonia, na baridi ya mwili juu yake. Beverley alifika jioni ileile, mwanamke mrefu mwenye koti la mvua, akatembea moja kwa moja mpaka aliposimama Janice kwenye ukumbi.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiyo. Mimi ni Janice."

"Wiki mbili! Wiki mbili baba yangu yuko kwenye jokofu na kodi unapokea! Hukuweza kumtafutia fundi?"

Janice alikuwa na majibu. Alikuwa na majina ya kampuni tano na tarehe zake, alikuwa na yule msichana wa Preston, alikuwa na chumba cha juu chenye shuka safi. Alifungua mdomo, na yote yakaonekana madogo.

"Nilikuwa nakwenda kila siku," alisema.

"Najua!" Beverley alisema, na sauti ikamvunjikia katikati. "Baba aliniambia. Kila nikipiga simu, 'Janice anakuja, usihangaike, Janice anakuja.' Ndiyo maana mimi sikuja."

Wakakaa kwenye viti vya plastiki, wameacha kiti kimoja katikati yao, mpaka daktari alipowaita.

Krismasi ikapita, mzee bado yuko wodini. Tarehe saba wanaume wawili wenye ovaroli nyeupe waliingia jikoni, wakaufungia mlango kwa nailoni, na kwa saa tatu tu wakawa wamemaliza kazi iliyowasubirisha watu mwezi mzima. Tarehe nane Nadeem alikuja kama alivyoahidi. Janice alimtengenezea chai kwa kutumia birika moja bila hita yoyote, na umeme haukukatika.

"Naomba radhi," alimsikia fundi akisema, akajua anaongea na mabomba ya shaba. Ilibidi akate mawili. Mawili mengine aliyaacha, akajipinda yeye ili asiyaguse.

Boila jipya lilikuwa sanduku jeupe, dogo kama kabati la bafuni. Lilipowashwa halikutoa mlio. Baada ya nusu saa redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto, zilianza kugonga-gonga nyumba nzima, chumba baada ya chumba, na madirisha yakaanza kutokwa jasho. Janice alikaa kwenye ngazi na koti lake. Joto lilimfikia miguuni, likapanda. Chini ya ngazi kulikuwa na viatu vya Bwana Duerden, kile kiti chake kilikuwa sebuleni na alama ya mgongo, na nyumba ilikuwa na joto la kulala mtoto mchanga, haina mtu.

"Nikuonyeshe linavyowashwa, mama?" Nadeem aliuliza.

"Nionyeshe."

Alionyeshwa. Hakuna alichokishika kichwani.

Mzee alirudi mwisho wa Januari, amepungua, anatembelea fimbo mbili, Beverley nyuma yake ameshika mfuko wa dawa. Alikwenda jikoni kabla ya kuvua kofia. Akalitazama boila kwa muda. Akapapasa pembeni, akapapasa chini.

"Skrubu ziko wapi?"

"Zimefichwa," alisema Janice. "Nadeem anasema halifunguliwi na mtu wa nyumbani."

"Moto unauonaje?"

"Hauonekani. Kuna kitaa cha kijani."

"Kitaa." Alitikisa kichwa. "Joto zuri, lakini. Siwezi kusema uongo. Joto zuri sana."

Wiki tatu baadaye mzee alimwita Janice. Alikuwa amemwandikia barua rasmi ya notisi, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika risiti: mwezi mmoja, anahamia kwa binti yake. Janice aliisoma amesimama.

"Ni kwa sababu ya vifaa? Ni kwa sababu niliku—"

"Kaa chini, mwanangu. Hapana. Ulifanya sawa." Alisukuma kikombe mbele yake. "Nimeondoa betri ya king'ora kwa mkono huu, Janice. Mimi! Ningekuta mteja wangu amefanya hivyo, ningemtukana. Nimelala hospitali nikiwaza, kumbe nilikuwa najiua taratibu kwa kazi yangu mwenyewe, na nikakasirikia kelele. Mtu wa namna hiyo haachwi peke yake."

"Unaweza kukaa. Nitakuja. Sasa kuna joto."

"Najua utakuja."

Janice akanywa chai yake. Ilikuwa na sukari nyingi mno na aliimaliza yote.

Mzee alihama Machi, siku ya upepo. Beverley na Janice walibeba vitu pamoja, wakiongea habari za magodoro na foleni za barabarani. Sanduku la vifaa mzee alimwachia Nadeem. Aliagana na Janice barabarani kwa kumshika mkono, kama mtu aliyemaliza kazi kwenye nyumba ya mteja, kisha akageuka ghafla akambusu shavuni na kuingia ndani ya gari.

Katikati ya Aprili walikuja kijana mmoja na mkewe mjamzito kuitazama nyumba. Janice aliwapitisha juu na chini. Jikoni, mwanamke aliweka mkono kwenye redieta.

"Boila ni jipya?"

"Jipya."

"Linawashwaje?"

Janice alikwenda akasimama mbele ya boila. Alibonyeza kitufe kimoja, kikatoa mlio. Akabonyeza kingine, namba zikapotea kabisa. Alijaribu tena. Uso ukamwaka moto.

"Samahani," alisema. "Nilionyeshwa. Nimesahau."

"Acha, mama, hebu nijaribu mimi," alisema yule mwanamke, akatoa simu yake mfukoni, akasogea karibu, tumbo mbele, akamulika, akaanza kusoma maandishi madogo chini ya boila huku Janice akimpisha.